Wasomaji Wanauliza: Jeni ya TP53, Sumukuvu na Jua la Kaskazini

Toleo lililopita ukurasa huu uliigusa kwa mistari michache jeni ya TP53, ile inayozuia seli zisigeuke saratani, na maswali yakamiminika kutoka Moshi na Arusha. Tumechagua saba. Mengine tumeyajibu kwa urefu kwa sababu jambo lenyewe liko ghalani, jikoni na kwenye begi la mtoto wa shule. Mengine yanatosha kwa maneno machache.

"Mwalimu wetu wa Baiolojia anasema p53 ni jeni, kitabu kinasema ni protini. Nani yuko sahihi? Na hiyo 53 imetoka wapi?"
Mwanafunzi wa kidato cha sita, Moshi

Jeni inaitwa TP53. Protini inayotengenezwa kwa maelekezo yake inaitwa p53. Mwalimu wako hajakosea sana, maana hata watafiti wakiongea haraka hutumia jina moja kwa vyote viwili, ila kwenye mtihani vitenganishe. Jeni hiyo iko kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 17 na ina eksoni (vipande vya maelekezo) 11, ya kwanza ikiwa haibebi maelekezo ya protini. Una nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Protini yenyewe ni mnyororo wa asidi amino 393.

Namba 53 ni kosa la kipimo lililogeuka jina. Protini hii iligunduliwa mwaka 1979. Ilipopitishwa kwenye jeli yenye umeme ilionekana kuwa na uzito wa kilodaltoni 53, wakati uzito wake halisi hauzidi 44. Sehemu yake moja imejaa asidi amino iitwayo prolini, kwa hiyo inajikokota kwenye jeli na kuonekana nzito kuliko ilivyo. Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi: kwa miaka kumi hivi ilidhaniwa kuwa inachochea saratani, kwa kuwa nakala zilizokuwa zikichunguzwa maabara zilikuwa zimeshaharibika. Mwaka 1989 ndipo ilipobainika kwamba ikiwa nzima inazuia saratani, na mwaka 1992 mtafiti David Lane akaiita mlinzi wa jenomu, yaani wa DNA yote ya seli.

Seli ikiwa salama, p53 hutengenezwa na kuvunjwa papo hapo. Nusu yake hutoweka katika dakika 20 hivi. Anayeivunja ni protini MDM2, na hiyo MDM2 hutengenezwa kwa amri ya p53 yenyewe. Likumbuke hilo, tutalihitaji tutakapomjibu mteknolojia wa maabara hapa chini. DNA ikikatika, kimeng'enya ATM huibandika p53 fosfeti, MDM2 inashindwa kuishika, na p53 inajaa kwenye kiini cha seli. Molekuli nne hushikana pamoja, zikaishika DNA na kuwasha jeni nyingine. Kwanza p21, inayoisimamisha seli isigawanyike mpaka marekebisho yaishe. Uharibifu ukizidi kiasi, huwashwa BAX na PUMA, na seli inajiua.

Kwa nini nakala moja mbovu inaleta shida kubwa hivyo wakati nyingine bado nzima? Piga hesabu. Protini mbovu na nzima zikiwa nusu kwa nusu, uwezekano wa kupata kundi la nne zilizo nzima zote ni nusu mara nusu mara nusu mara nusu, yaani 1 kati ya 16. Makundi 15 yaliyobaki kila moja lina angalau kilema mmoja ndani yake.

Karibu nusu ya saratani za binadamu zina TP53 iliyoharibika. Na mara nyingi mharibifu huacha alama yake: ukisoma ni herufi ipi ya DNA imebadilika na imekuwa ipi, unaweza kumtambua aliyepita, kama wanavyosoma nyayo wanaojua porini. Karibu kila jibu linalofuata linategemea jambo hilo.

"Natembeza wageni Tarangire na Ngorongoro. Mgeni mmoja alisema tembo hapati saratani kwa sababu ya hii p53. Ni kweli? Na kama ni kweli, kwa nini binadamu asiongezewe?"
Mwongoza watalii, Njiro, Arusha

Ni kweli, ila waambie wageni "mara chache" badala ya "kamwe". Wewe ulirithi TP53 moja kutoka kwa kila mzazi. Tembo wa Afrika hurithi 20 kutoka kwa kila mzazi. Hilo lilichapishwa mwaka 2015. Moja kati ya hizo 20 ndiyo ya asili, na 19 ni nakala zilizojibandika kwenye DNA baadaye katika ukoo wake. Seli za damu za tembo zikipigwa mionzi hufa kwa kiwango cha karibu mara mbili ya seli za mtu. Tembo hapotezi muda kukarabati seli yenye mashaka, anaitupa.

Uzito wa jambo hili utauona ukihesabu seli. Dume mwenye tani 6 ana mwili wa watu zaidi ya 80. Seli nyingi hivyo zingegawanyika kwa miaka 60 kwa bahati mbaya zilezile za kwetu, asingebaki tembo mzee Tarangire. Fumbo hilo linajulikana kwa jina la Richard Peto aliyelieleza miaka ya 1970. Makadirio yaliyofanywa kwa tembo wanaofugwa ni kwamba chini ya 5 kati ya 100 hufa kwa saratani. Kwa binadamu ni kati ya 11 na 25. Mgeni akikuuliza nyangumi je, mjibu kwamba nyangumi hana nakala za ziada kama za tembo. Mwili wake umepitia njia nyingine.

Kuongezewa sasa. Mwaka 2002 walichapishwa panya ambao p53 yao ilifanya kazi kupita kiasi. Uvimbe ulipungua sana, lakini wakazeeka kabla ya wakati: mifupa ikawa myepesi, mgongo ukapinda, wakafa mapema. Mlinzi anayeua kila seli inayomtia shaka humaliza pia zile za kujazia pengo. Nchini China iliidhinishwa mwaka 2003 dawa iitwayo Gendicine, kirusi kilichobebeshwa TP53 nzima ambacho huchomwa kwenye uvimbe wa kichwa na shingo. Udhaifu wake ni kwamba hufanya kazi pale tu sindano ilipofika. Vidonge na unga unaouzwa kwa maneno ya "kuamsha p53" haviongezi nakala hata moja. Usinunue, na usimnunulie mgonjwa.

"Shikamooni. Nimevuna mahindi ya masika gunia kumi na mbili, mengine yameota ukungu wa kijani. Watoto wanakula dona na uji wa lishe. Nikiyaosha vizuri na kuchemsha makande kwa saa nyingi, sumu haitoki? Na hayo mabovu nimpe ng'ombe?"
Mama wa watoto wanne, Hai

Marahaba, mama. Haitoki. Sumukuvu, hasa ile aina ya B1, haivunjiki kwa joto la jikoni. Makande ya saa sita na ya saa moja ni sawa kwa upande huo. Kuosha kunaondoa vumbi la ukungu lililo juu, lakini sumu ikiwa ndani ya punje inabaki ndani.

Inachofanya mwilini ni hiki. Ini hujaribu kuigeuza B1 ili itoke kwenye mkojo, na katika kuigeuza linaunda kitu kikali kinachojibandika kwenye herufi G ya DNA. Seli ikinakili hapo inakosea na kuandika T. Katika TP53 kosa hilo linapenda mahali pamoja: kodoni (kundi la herufi tatu) ya 249, AGG ikawa AGT, na asidi amino ya ajinini ikawa serini. Mwaka 1991 watafiti waliikuta alama hiyohiyo kwenye saratani za ini kutoka Qidong huko China na kutoka kusini mwa Afrika, sehemu mbili zilizo mbali sana ila zote zinakula nafaka yenye ukungu. Hiyo ndiyo nyayo tuliyoisema. Halafu kuna homa ya ini B. Kirusi chake huchubua ini kila siku, seli zinagawanyika kuziba majeraha, na seli inayogawanyika na kosa lake kabla halijarekebishwa hulirithisha. Utafiti wa Shanghai uliokomaa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuta kwamba sumukuvu peke yake iliongeza hatari ya saratani ya ini kama mara 3, homa ya ini B peke yake kama mara 7, na mtu mwenye vyote viwili karibu mara 60. Kwa hiyo kabla ya kufika ghalani angalia kadi za watoto. Chanjo ya homa ya ini B imo ndani ya ile ya pamoja ya wiki ya 6, 10 na 14. Asiyemaliza akamalize.

Sasa mahindi. Usichanganye gunia lenye ukungu na lililo safi "ili ipungue". Mwaga kila gunia kwenye turubai mchana wenye mwanga na uchambue kwa mkono: toa punje zenye rangi ya kijani au manjano isiyo yake, zilizosinyaa, zilizopasuka, zilizotobolewa na dumuzi. Sumu haikai sawasawa kwenye gunia. Punje chache mbovu zinaweza kubeba sehemu kubwa ya sumu yote, ndiyo maana kuchambua kunasaidia kuliko watu wanavyodhani. Kwa mahindi ya makande ya siku hiyo, mwaga kwenye ndoo ya maji na uondoe yote yanayoelea.

Dona tunaipenda na ina vitamini, lakini katika mwaka wenye ukungu ushauri wetu ni sembe. Sumu nyingi iko kwenye ganda na kiini, na kukoboa kunaipunguza kwa kiasi kikubwa. Rudi kwenye dona ukipata mahindi makavu unayoyaamini. Unga wa lishe ndio unaotutia hofu zaidi, kwa sababu watu hutia karanga, na karanga hubeba sumukuvu sawa na mahindi au kuizidi, kisha anayelishwa ni mtoto wa miezi minane anayekula hichohicho kila siku. Menya karanga mwenyewe na utupe zilizokunjamana, zenye weusi na zenye uchungu. Ukikosa nafasi ya kuchambua, tia maharage au dagaa badala yake.

Kabla ya kuhifadhi, pima unyevu kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo kavu kabisa. Jaza mahindi mpaka theluthi moja, ongeza vijiko viwili vya chakula vya chumvi iliyoanikwa juani au kukaangwa ikakauka, funga na utikise dakika moja. Iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, anika tena. Isipoganda, mahindi yanafaa kwa gunia la kawaida juu ya chanja. Wanaokosea hapa karibu wote wametumia chumvi yenye unyevu au chupa iliyooshwa muda mfupi uliopita. Kwa mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, kausha zaidi, mpaka chini ya asilimia 13.5, kwa kuwa mahindi mabichi kwenye mfuko usiopumua yataoza. Yaanike juu ya turubai, maana ardhini ndiko ukungu ulikotoka, na jioni yafunike kabla ya umande. Ukishajaza mfuko, kamua hewa na ufunge kila tabaka peke yake. Tundu moja la panya linarudisha hewa, na hewa inarudisha dumuzi.

Ng'ombe usimpe, mama. Wala pumba za hayo mahindi usimpe, maana sumu iliyotoka kwenye sembe imekwenda huko. Ng'ombe wa maziwa huigeuza kuwa sumukuvu M1 na kuitoa kwenye maziwa, na maziwa hayo yanarudi kwa mtoto yuleyule. Mahindi hayo mabovu yachome moto au yafukie mbali na banda la kuku. Inauma kutupa chakula ulichokilima, tunajua. Lakini mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu ndani ya wiki chache, bila kungoja saratani. Kiwango kinachoruhusiwa kwenye mahindi ni mikrogramu 5 za B1, au 10 za aina zote kwa jumla, kwa kila kilo. Ukitaka kupimiwa, chota kiganja juu, katikati na chini ya kila gunia, changanya vyote, ndipo utoe sampuli. Kopo moja la juu litakudanganya.

"Mwanangu ana ualbino, ana miaka 7, anasoma Usa River. Nampaka losheni ya jua kila asubuhi kabla hajatoka nyumbani lakini bado anaungua masikio na shingo. Losheni ni feki?"
Baba, Arumeru

Pengine si feki. Losheni ya saa 12 na nusu asubuhi imeshakwisha kazi kabla jua kali halijaanza. Jua baya ni la kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 alasiri, na losheni inatakiwa irudiwe kila baada ya saa 2 akiwa nje, au mara tu akitokwa na jasho jingi au kunawa. Mpe mwalimu wa darasa chupa ya pili ikae shuleni: apakwe kabla ya mapumziko ya saa 4, tena kabla ya chakula cha mchana, na tena kabla ya kutembea kurudi nyumbani.

Kosa la pili ni kiasi. Kinga iliyoandikwa kwenye chupa hupimwa kwa miligramu 2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi, na watu wengi hupaka robo mpaka nusu ya hapo. Kwa mtu mzima ni kijiko kimoja cha chai kwa uso, masikio na shingo, kijiko kimoja kwa kila mkono, viwili kwa kila mguu. Mtoto wa miaka 7 ana ngozi kama nusu ya hiyo, kwa hiyo gawa kwa mbili. Utaona ni nyingi kuliko ulivyozoea. Chagua yenye kinga ya 30 au zaidi, umpake dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka, na anza na sehemu zinazosahauliwa: nyuma ya masikio, ncha za masikio, kisogo, midomo, juu ya nyayo akivaa ndala. Mafuta ya mgando na ya nazi hayazuii jua. Losheni iliyoachwa dirishani au ndani ya gari huharibika kwa joto. Ikijitenga maji na mafuta, itupe.

Lakini losheni ni ya pili, nguo ni ya kwanza. Mikono mirefu, kitambaa kilichofumwa kwa kubana (kiinue kwenye mwanga, ukiona upande wa pili jua nalo litaona), na kofia yenye ukingo wa kuzunguka wa sentimita 7.5 na zaidi. Kepu haifuniki masikio, na hapo ndipo mwanao anapoungua. Omba shule imruhusu kuvaa kofia mstarini na suruali ndefu badala ya kaptura. Mawingu ya Meru yasikudanganye, mionzi inapita. Na kupanda mlima kunaiongeza, kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo Arusha iliyo kwenye mita 1,400 ina jua kali kuliko Moshi hata kama Moshi ndiyo inayotoa jasho.

Haya yanahusianaje na p53? Mionzi ya urujuanimno hugandisha herufi mbili za DNA zilizokaa jirani, C na C au C na T, na seli ikinakili hapo huandika T palipokuwa na C. Wakati mwingine CC inakuwa TT, na badiliko hilo la pacha ni sahihi ya jua, karibu hakuna kitu kingine kinachoiandika. Mwaka 1991 ilikutwa kwenye TP53 ya saratani za ngozi. Ngozi inayobabuka siku chache baada ya kuungua ni, kwa sehemu, seli ambazo p53 imeziua kwa sababu hazirekebishiki. Seli ambayo p53 yake imeshavunjika haifi. Inabaki, na kila jua jipya linapoua jirani zake inapata nafasi ya kutanuka. Mtu mwenye melanini, ile rangi ya ngozi, ana pazia juu ya kiini cha kila seli; mwanao hana, ndiyo maana hesabu yake inaanza utotoni.

Kidonda au gamba gumu lisilopona kwa wiki 4, hasa kwenye mdomo, sikio au shingo, lipelekwe kliniki ya ngozi bila kungoja lianze kuuma, maana mara nyingi haliumi. Likiwa dogo huondolewa kwa naitrojeni ya maji, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Hata asipokuwa na kidonda, akaguliwe mwili mzima kila miezi 6. Kwenu ni karibu: kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kiko hospitali ya KCMC Moshi, na hapohapo hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Waulizeni utaratibu wa kuipata.

"Tumeanza kupaka rangi ya p53 kwenye vipande vya uvimbe. Slaidi nyingine zinatoka kahawia tupu, nyingine hazina rangi kabisa, nasi tumekuwa tukiziandika 'hasi'. Mpatholojia mgeni ametukataza. Kosa liko wapi?"
Mteknolojia wa maabara, Moshi

Kosa liko kwenye neno "hasi". Seli yenye p53 nzima haitoki bila rangi. Inatoka na rangi ya mchanganyiko, viini vingine vyeupe, vingine kahawia hafifu, vichache vilivyokolea. Hiyo ndiyo hali ya kawaida. Viini asilimia 80 na zaidi vikikolea kwa nguvu, jeni imebadilika herufi na protini mbovu imelundikana: haiwezi kuwasha MDM2, kwa hiyo mvunjaji wake hatengenezwi inavyotakiwa. Na uvimbe usio na rangi hata chembe, jeni yake inawezekana imekatika kabisa na protini haipo. Huo nao ni ubovu, wala si "hasi". Mna matokeo matatu: ya kawaida, ya kulundikana na ya kutoweka.

Ila kutoweka kuaminike kwa sharti moja. Tafuta kwenye slaidi hiyohiyo seli zisizo za uvimbe, yaani limfosaiti, kuta za mishipa ya damu, seli za tishu unganishi. Zikionyesha kahawia hafifu hapa na pale, slaidi imefanya kazi na uvimbe kweli hauna p53. Zikiwa nazo hazina kitu, slaidi ndiyo iliyoshindwa, rudieni.

Kwa nini hushindwa? Anzia chumba cha upasuaji. Kinyama kilichokaa mezani mchana kutwa kabla ya kutiwa fomalini hakiokoleki. Fomalini iwe ya asilimia 10 yenye bafa: mililita 100 za fomalini kali, mililita 900 za maji, gramu 4 za sodiamu fosfeti yenye haidrojeni mbili na gramu 6.5 ya ile yenye haidrojeni moja. Ujazo wake uwe mara 10 ya kinyama au zaidi, kwa saa 6 hadi 72. Kata mikroni 3 hadi 4, kwenye slaidi zenye gundi, na msitumie slaidi zilizokatwa miezi iliyopita, p53 hufifia zikikaa.

Kinachowapata wengi wa huku kwetu ni hatua ya joto. Maelekezo yanasema nyuzi 95 hadi 98 kwa dakika 20 ndani ya bafa ya Tris na EDTA yenye pH 9. Maji ya Moshi huchemka karibu nyuzi 97, mnafika. Wenzenu wa Arusha yanachemka karibu 95, na sufuria ikifunuliwa joto linashuka chini ya hapo. Watumie jiko la presha, au waongeze muda na kuupima kwa slaidi wanayoijua majibu. Ziacheni slaidi zipoe ndani ya bafa dakika 20; mkizitoa za moto zinakauka na kutoa rangi ya uongo pembeni. Kingamwili ya DO-7 inashika mwanzo wa mnyororo wa protini. Izimueni kama alivyoandika mtengenezaji na mjaribu juu na chini ya kipimo hicho kabla ya kukitegemea. Mwisho, hematoksilini iwe hafifu. Bluu nzito inafunika kahawia changa, na p53 ya kawaida inaonekana kama imetoweka.

"Shule imeleta taarifa ya chanjo ya HPV kwa binti yangu wa miaka 12. Hiyo nayo ina uhusiano na p53?"
Mama, Marangu

Inao, na ni wa aina yake. Kirusi cha HPV, kile kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, hakigusi jeni ya TP53. Protini yake iitwayo E6 huikamata p53 na kuikabidhi kwenye jalala la seli, ikavunjwa. Mharibifu huyu haachi nyayo kwenye jeni; ukiisoma utaikuta nzima, ila mlinzi hayupo kazini. Chanjo humzuia kirusi kuingia, haimtoi aliyekwisha kuingia, kwa hiyo miaka 12 ni wakati mzuri kabisa. Mkoa wenu wa Kilimanjaro ndio ulioanza kwa majaribio mwaka 2014, nchi nzima ikafuata mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Mpeleke. Na wewe mama ukapimwe mlango wa kizazi: hupakwa asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5, wanangoja dakika moja na kuangalia kama kuna mabaka meupe.

"Shangazi alifariki kwa saratani ya titi akiwa na miaka 29. Mtoto wake alikatwa mguu kwa saratani ya mfupa. Sasa kaka yangu ana uvimbe kwenye ubongo. Watu wanasema ni laana ya ukoo. Nipime hiyo TP53?"
Msomaji, Arusha

Pole sana, ndugu yetu. Si laana, na umefanya vyema kuuliza. Titi katika umri mdogo, mfupa, ubongo, pamoja na saratani za misuli na ya gamba la tezi iliyo juu ya figo, ndio mkusanyiko ambao Frederick Li na Joseph Fraumeni waliueleza mwaka 1969, na mwaka 1990 ikajulikana kwamba mara nyingi chanzo ni TP53 mbovu iliyorithiwa. Mzazi mwenye nayo humpa kila mtoto kwa uwezekano wa nusu, wa kiume na wa kike sawasawa. Tezi hiyo ya juu ya figo ikipata saratani kwa mtoto, hata kama ni mmoja tu kwenye ukoo, inatosha kuomba kipimo.

Usianze wewe, aanze kaka yako, kwa sababu anayeumwa ndiye anayeweza kuonyesha kosa la familia yenu liko wapi. Wakilipata kwake, wewe utapimwa sehemu hiyo moja tu na jibu lako litakuwa la uhakika. Ukianza wewe na usipokutwa na kitu, hutajua kama umesalimika au kama ukoo wenu una shida nyingine. Damu hutolewa mililita chache kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau yenye EDTA. Kuna mtego mmoja: kwa mtu mzima aliyepata dawa za saratani, TP53 mbovu inaweza kuwa imejitokeza kwenye seli za damu peke yake, bila kurithiwa. Kipimo kikionyesha kosa kwenye sehemu tu ya damu, waombe kithibitishwe kwa seli za ngozi kabla ya kuwatangazia wadogo zako.

Kwa anayekutwa nayo, mambo mawili yanabadilika. Tiba ya mionzi huepukwa pale ambapo kuna njia nyingine, kwa kuwa seli zisizo na mlinzi hupata saratani mpya ndani ya eneo lililopigwa. Na ufuatiliaji huanza mapema: mtoto altrasaundi ya tumbo kila miezi 3 hadi 4, mwanamke kipimo cha MRI cha matiti kuanzia miaka 20 hivi.

Kabla hujaenda, chukua karatasi uchore ukoo upande wa baba na wa mama hadi kwa babu na bibi: nani aliumwa saratani gani, na ilionekana akiwa na umri gani. Umri wa kugundulika ndio utakaotazamwa kwanza, kwa hiyo waulize wazee hata kwa kukisia, "alikuwa ameshaolewa?", "mtoto wake wa kwanza alikuwa darasa la ngapi?" Omba nakala ya jibu la kinyama cha shangazi kama bado iko kwenye faili, kwa sababu neno "saratani ya mfupa" nyumbani linaweza kuwa limemaanisha saratani ya titi iliyohamia mfupani. Daktari wa kaka yako aiambatishe karatasi hiyo na barua ya rufaa.